Kina Mama Saba na Karatasi Yangu ya Takwimu

Nikisema kwamba niliwahi kupelekwa chuoni na kina mama saba, watu hudhani nazungumzia siku ya kwanza, ile ya sanduku na godoro. La. Siku ya kwanza nilijipeleka mwenyewe. Kina mama walinipeleka mwaka wa nne, nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, na walikuja na kuku. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi huku nikicheka, na kila mara kuna sehemu ninayoiruka. Leo siiruki.

Chuo chenyewe kilikuwa tawi dogo lililopanga orofa mbili pale Voi, juu ya duka la mabati na misumari. Lilishafungwa, wala simwambii mtu lilikuwa la nani. Ukiwa darasani ulisikia mashine ya kukata vyuma ikilia huko chini, na mhadhiri alilazimika kungoja chuma kikatike ndipo amalize sentensi. Tulilipenda hivyo hivyo. Wengi wetu tulikuwa wa kwanza kwetu kufika hapo. Mimi nilikuwa wa kwanza katika boma letu la Rukanga, chini ya mlima Kasigau, ambako mama yangu hulima mahindi na ndengu msimu ambao tembo wamemruhusu, na msimu wasipomruhusu husuka vikapu vya mkonge. Mama hakuwahi kunihimiza nisome kwa bidii. Aliniambia jambo moja tu nilipokuwa naondoka: "Usiniletee habari nusu."

Aliyetufundisha takwimu alitaka aitwe Dokta, ingawa udaktari wenyewe alikuwa bado anautafuta, miaka nenda miaka rudi. Alifundisha vizuri, lazima niseme, na hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye. Nililipenda somo kwa sababu yake. Nilikaa mstari wa mbele, niliuliza maswali, nilimaliza mazoezi ambayo hata hakuyasahihisha. Matokeo ya muhula wa mwisho yalipobandikwa ukutani, mbele ya nambari yangu palikuwa na kistari. Wenzangu walikuwa na maksi, mimi nina kistari.

Maksi kupotea lilikuwa jambo la kawaida, kama maji kupotea kwenye mifereji ya Voi. Ulipiga foleni, ulibembeleza, ulingoja. Lakini mimi sikuwa na nafasi ya kungoja, maana bila maksi za somo lile jina langu lisingeingia kwenye orodha ya mahafali, na baada ya mwaka huo hakukuwa na mtu nyumbani mwenye uwezo wa kunirudisha chuoni.

Nilikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara ya kwanza akasema ataangalia. Mara ya pili akasema pengine sikufanya mtihani, mimi niliyekaa mbele ya macho yake saa tatu nzima. Mara ya tatu alifunga mlango, akaketi pembeni mwa meza badala ya nyuma yake, akaniambia kwamba karatasi nyingine amezihifadhi anakoishi, gesti moja kando ya barabara ya Mombasa. Akasema mwenye shida hujituma. Kabla sijafika chini ya ngazi simu yangu ilikuwa imepokea ujumbe: Jumamosi saa nane mchana, njoo peke yako, mambo ya mtihani ni siri.

Sikuwa mtoto. Wasichana wa chuo tulikuwa na neno letu la jambo hilo, tulisema fulani "ameitwa kuhesabu karatasi," na tukacheka. Aliyeitwa hatukumuuliza alizihesabu au hakuzihesabu. Hata leo nakionea aibu kile kicheko.

Nilikwenda nyumbani katikati ya wiki. Nilimkuta mama jikoni akipepeta ndengu.

"Matokeo yametoka?" akauliza.

"Yametoka, ila somo moja bado. Mwalimu anasema niende nimwone anakoishi, nimwombe aitafute karatasi yangu."

"Anaishi wapi?"

"Gesti, hapo Voi. Amesema Jumamosi saa nane."

"Mwalimu mzima hana nyumba?"

"Wengi wanakaa hivyo, mama."

Akarusha ndengu juu, akazidaka, akapuliza makapi. "Basi ni haki yake," akasema. "Mtu akikuitia kwake, anataka aonwe."

Hapo nieleze kidogo. Kwetu mtu haendi kuomba jambo peke yake. Ukienda kuomba mke, kuomba njia ipite shambani mwa jirani, kuomba msamaha hata kama kosa ni lako, unakwenda na watu, na mkononi mna kitu. Kwenda peke yako ni kumdharau unayemwomba, kana kwamba haja yako haina wenyewe. Mama aliposikia mwalimu ameniita kwake, alisikia mtu mkubwa anayelalamika kwamba miaka minne amemfundisha mtoto wa watu na hakuna aliyefika kumshukuru. Aliona aibu. Aliiona kwa dhati kabisa, na mimi niliyejua ukweli nikanyamaza, maana ningemwambiaje? Nilimletea habari nusu, na nikarudi Voi.

Sasa ile sehemu ninayoiruka. Jumamosi ile nilioga saa sita. Nilivaa gauni, nikalivua, nikalivaa tena. Watu wakiniuliza, hujibu haraka kwamba nisingekwenda ng'o. Ukweli ni kwamba sijui. Nilikuwa nimeketi kitandani katika chumba changu cha kupanga, viatu miguuni, nikijiambia kwamba ni saa moja tu ya maisha yangu dhidi ya miaka minne. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea wazo hilo, na hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama kule kuzoea.

Saa saba na nusu simu ikalia.

"Tuko hapa steji," mama akasema. "Kuja utuonyeshe njia."

"Nyinyi nani?"

"Sisi."

Walikuwa saba, kikundi kizima cha kusuka, wamejifunga leso za zambarau wanazozivaa kwenye harusi na matanga. Mama alikuwa na kuku kwapani. Mmoja alikuwa na ndizi, mwingine asali kwenye chupa ya soda. Na kila mmoja alikuwa na kikapu chake ambacho bado hakijakwisha, nyuzi zikining'inia, kwa sababu mwanamke wa Rukanga akikaa na mikono mitupu utadhani anaumwa. Nyuma kabisa, kama ilivyo kawaida yake, alisimama mama mdogo.

Huyu ni mdogo wake mama. Ujanani alikwenda chuo cha ualimu, akarudi bila cheti. Nyumbani ilisemekana kwamba masomo yalimshinda, na tulisema hivyo mbele yake, bila ubaya, kama unavyosema fulani ni mfupi. Alisomea watu barua zao, aliwajazia fomu zao, na popote palipoulizwa kazi yake aliandika mkulima. Hakuwa msemaji. Siku hiyo alinitazama mara moja, kuanzia gauni hadi viatu, kisha akatazama barabara.

Tulipita sokoni kwa mstari. Vijana wa bodaboda wakauliza, "Kina mama, ni harusi ama ni matanga?"

"Ni shukrani," mama akajibu, na kuku naye akaitikia.

Nilitaka ardhi inimeze. Mara tatu nilifungua kinywa nimwambie mama turudi, na mara tatu mama mdogo, aliyekuwa amesogea hadi ubavuni mwangu, akasema polepole, "Tembea."

Pale gesti, msichana wa mapokezi alitutazama, akatazama kuku, akaenda kubisha. Mhadhiri alitoka na patipati na shati lililopigwa pasi mno, amejipulizia marashi hadi yakatufikia kabla yake. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lilimganda alipofika uani na kukuta leso saba za zambarau.

Mama alimwinamia. "Mwalimu, tusamehe sana," akasema. "Miaka minne umetulelea mtoto na hatujafika hata siku moja. Ni ushamba wetu. Tumesikia umemwita, tukasema hapana, hawezi kuja peke yake kama mtoto asiye na kwao. Tumekuja kukuona. Hii ni asante, na hii ni ya kuombea karatasi." Akamkabidhi kuku. Mtu akikunyooshea kuku unampokea, huna namna, na yeye akampokea.

"Mama, haikuwa lazima," akasema.

"Si lazima, mwalimu. Ni heshima."

Wakaketi, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye ngazi ya veranda, wakatoa vikapu vyao. "Chukua muda wako uitafute," mama akamwambia. "Sisi tunangoja. Hatuna haraka."

Alisimama pale na kuku mkononi. Akasema karatasi, kwa kweli, iko ofisini.

"Iko ofisini," mama akarudia. Alikunja uso kidogo, kama anayetafuta pale alipokosea kuhesabu mistari ya kikapu. "Sasa mbona ulimwitia hapa?"

Aliuliza bila ukali wowote. Alitaka kujua. Mhadhiri akamhamishia kuku mkono wa pili, kina mama wakaendelea kusuka, na msichana wa mapokezi akawa ameacha kujifanya anaandika.

Mama mdogo hakuinua macho kutoka kwenye nyuzi zake. "Jumatatu ofisi yafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili kasoro tutakuwa hapo."

Na Jumatatu walikuwa hapo. Walipanda zile ngazi juu ya duka la mabati wakajaza benchi lote la ukumbini, na waliokosa nafasi wakakaa chini. Mhadhiri alifika, akawaona, akakumbuka kwamba ana mkutano mahali, akashuka. Mama alimfuata kwa sauti, akimuuliza kama kuku ameanza kutaga.

Saa nne akapita mkuu wa idara, mwanamume wa makamo aliyezaliwa kota za reli pale Voi, wazazi wake wakiwa wametoka magharibi mwa nchi kufanya kazi. Mtu mpole, wa kupenda mambo yapite. Akawasalimu, akauliza wanasaidiwa na nani.

"Tunangoja karatasi ya mtoto wetu," mama akamwambia. "Ile mwalimu alikuwa ameihifadhi gesti."

"Gesti?"

"Ndiyo. Alimwambia aifuate huko Jumamosi, peke yake. Sisi tukamsindikiza. Lakini tulipofika akasema iko hapa."

Mama alikuwa anamsifu mwalimu, unaelewa? Alikuwa anaeleza jinsi alivyojitaabisha. Nilimwona mkuu wa idara akiyasikia yale maneno moja moja, kisha akageuza macho akanitazama mimi, na mimi sikuangalia chini. Hilo najivunia. Lilikuwa jambo dogo, lakini ni langu. Akasema anatafuta ufunguo wa akiba, akaingia ofisini kwake, na ufunguo ule ukachukua muda mrefu sana kupatikana.

Tulipokuwa tunangoja, nilikwenda kuketi na mama mdogo kwenye ngazi.

"Mama anajua?" nikamuuliza.

"Mama yako anajua mwalimu alitaka heshima. Alitusimulia tukiwa tunasuka, akitaka tumsaidie kuchagua kuku." Alisokota uzi kwenye muundi wake. "Ningemwambia ukweli angekuja na panga. Nilitaka aje na kuku."

"Wewe ulijuaje?"

Alimaliza uzi, akauunga na mwingine. "Na mimi niliitwa."

Mashine huko chini ilikuwa inakata kitu, tukangoja inyamaze.

"Nilikataa," akasema. "Nikaenda ofisini peke yangu kushtaki. Wakaniuliza shahidi wako yuko wapi. Nikasema sina. Matokeo yangu hayajatoka mpaka leo."

"Mbona ulisema masomo yalikushinda?"

"Mimi sikusema. Nyinyi ndio mlisema. Mimi nilinyamaza."

Nikamshikia kikapu.

Alikuwa bado anasokota pale msichana mmoja wa mwaka wa tatu alipokuja kusimama karibu yetu. Alitoka Kishushe, ambako gari ni la kubahatisha, na niliwahi kumwona akilia kwenye foleni ya matokeo nikapita. Alimuuliza mama mdogo kama anaweza kumwonyesha namna ya kusokota. Mama mdogo akampa nyuzi mbili, akamwonyesha: weka hapa, sukuma kwa kiganja, rudisha. Baada ya dakika kumi yule msichana akasema, macho yakiwa kwenye uzi, "Mimi pia niliitwa." Mama mdogo akamwambia, "Usilegeze huo, utafumuka." Kisha akaja mwingine. Kufikia saa sita walikuwa watano kwenye ngazi, wote wana mkonge miguuni, na hakuna aliyeulizwa chochote zaidi ya jina lake na kwao.

Ndipo mama mdogo akasimama, akajikung'uta leso. "Twende kwa huyu mkubwa," akasema. "Mnaweza kusema pamoja, mnaweza kusema mmoja mmoja. Lakini hakuna anayebaki nje."

Niliingia wa kwanza. Niliweka simu yangu mezani na ule ujumbe, nikasema yote, kuanzia kistari hadi kitanda nilichokuwa nimekalia na viatu miguuni. Wale watano wakasema yao. Mkuu wa idara alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikuwa nasikia sikia." Hakuna aliyemsaidia kumaliza sentensi hiyo.

Ufunguo ukapatikana. Kabati la mhadhiri lilifunguliwa mbele yetu, na kwenye droo ya chini ilikuwemo karatasi yangu, pamoja na nyingine tano. Ilikuwa imesahihishwa kitambo. Maksi sabini na nne, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mzuri. Hakukuwa na kitu cha kutafuta tangu siku ya kwanza.

Nimeulizwa kama nilifurahi. Nilikasirika kiasi cha kutoona vizuri. Yule bwana alisimamishwa kazi, kukawa na vikao, tukaitwa kueleza tena na tena, na kabla havijafika mwisho akaandika barua ya kuacha kazi. Nasikia anafundisha kwingine. Msichana mmoja kati ya wale watano alipata maksi zake lakini hakurudi chuoni. Hasira yangu juu ya hayo sijaimaliza na sina nia ya kuimaliza.

Mama nilimwambia ukweli wiki ya mahafali. Jioni akasema, "Na nilimpa kuku wa mayai." Kisha akanishika mkono na hakuuachilia mpaka chakula kilipoiva.

Siku hizi mimi mwenyewe nafundisha takwimu, katika chuo kingine humu humu kaunti. Mlango wa ofisi yangu hukaa wazi, umezuiliwa na kikapu kimoja cha mkonge nilichokijaza mawe, kile ambacho mama mdogo alikimalizia kwenye ngazi zile. Wanafunzi wangu wanadhani naogopa joto. Nawaacha wadhani. Wakija wawili, naleta kiti cha pili.

Lakini nikiikumbuka ile Jumatatu, sianzi na kabati wala na maksi. Naikumbuka fomu. Mkuu wa idara alisema karatasi haiwezi kutolewa bila kuandikwa, akatoa fomu: mwanafunzi atie sahihi kwamba amepokea, na chini yake shahidi. Mama alikuwa ameacha miwani Rukanga. Akamsukumia mdogo wake kalamu. "Weka wewe," akasema, "wewe ndiye wa kuandika."

Mama mdogo akaketi kwenye kiti cha wageni, akanyoosha mgongo. Alisoma fomu yote, juu mpaka chini, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Penye shahidi akaandika jina lake kamili. Penye uhusiano akaandika mama. Penye kazi alisita kidogo, kalamu juu ya karatasi, halafu akaandika, kwa mwandiko ule wima wa ubaoni ambao sikuwahi kujiuliza alijifunzia wapi: Mwalimu.

Mkuu wa idara akaigeuza fomu akaisoma. Akamtazama yeye, akatazama mlangoni, ambako wale wasichana watano walikuwa bado wamesimama na nyuzi zao mikononi. Kisha akavuta muhuri, akagonga.